Sukari ya Nini Kwenye ORS?

SWALI: Shikamoo anti. Mwanangu ana mwaka na nusu, ameanza kuharisha juzi, dispensari wamenipa ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, na vidonge vya zinki. Sasa mama mkwe amekuja anasema hiyo dawa ina sukari na sukari ndo inazidisha kuhara, eti nimpe maji ya chumvi tu. Halafu paketi naweza kuikoroga kwenye glasi moja iwe kali ifanye kazi haraka? Mama Junior, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na kuuguza. Mama mkwe usimnunie, ana nusu ya ukweli, nitaifikia.

Kwanza twende jikoni. Ukikata vitunguu vya kachumbari ukavitia chumvi ukaviacha kidogo, ukirudi unakuta bakuli lina maji na wewe hukutia hata tone, si ndio? Yale maji yametoka ndani ya seli za kitunguu, yamepita kwenye utando wake yakaifuata chumvi huko nje. Ndo osmosisi hiyo. Maji yanakimbilia upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, iwe chumvi iwe sukari yenyewe hayachagui.

Utumbo wa Junior nao hauna pampu ya kuvuta maji, unachovuta ni chumvi na maji yanafuata nyuma. Sasa sodiamu iliyomo kwenye chumvi haiwezi kujipenyeza tu kwenye utando wa seli maana ule utando ni mafuta, inataka mlango, na upo mlango mmoja wa ajabu kweli, unapitisha sodiamu mbili zikiwa na glukosi moja, ndo sukari iliyomo kwenye ORS, glukosi isipokuwepo hazipiti hapo. Kwa hiyo sukari ya ORS si ya kumbembeleza mtoto anywe, ndo inayoiingiza chumvi! Na huo mlango unaendelea kufanya kazi hata mtu akiwa na kipindupindu, ndo maana mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis aliokoa wakimbizi wengi kule Bangaon, India, kwa maji yenye chumvi na glukosi ya kunywa, dripu zilikuwa zinamwishia.

Haya, nusu ya mama mkwe. Sukari ikizidi inabaki kwenye utumbo inavuta maji kutoka mwilini, mtoto anahara zaidi, kachumbari ileile. Soda na juisi za boksi ndo balaa lake, usimpe. Hata Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2002 walipunguza chumvi na sukari ya ORS, jumla ya vitu vilivyoyeyuka ikashuka kutoka miliosmoli 311 kwa lita ikawa 245.

Kwa hiyo glasi moja HAPANA, tena hapo chumvi nayo inaweza kupanda kwenye damu ikawa hatari. Soma paketi, ikisema lita moja ni lita moja ya maji safi na salama, na iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Mpe kila akihara, kijiko kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena, na nyonyo asiachishwe. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa au kinyesi kina damu, mbebe uende hospitali hata kama ni usiku. Zinki amalize siku zote alizoandikiwa, hata choo kikishakaa sawa.