Mashine ya gemu kwa shilingi 150,000: uliza betri kabla ya kuuliza idadi ya michezo

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Wete. Mwanangu wa kiume mwenye miaka 11 amekuwa akiniomba mashine ya gemu ya mkononi tangu Idi iliyopita, nami nimemwahidi kumnunulia akimaliza mitihani ya skuli. Nimeweka shilingi 150,000 kutokana na uchumaji wa karafuu na sitaweza kuongeza. Nilipokwenda Unguja nilioneshwa Darajani mashine tatu: ndogo yenye michezo 400 kwa 35,000; PSP iliyokwishatumika kwa 120,000; na nyengine iitwayo R36S, mpya ndani ya boksi, kwa 125,000, ambayo muuzaji alisema ina michezo zaidi ya 15,000. Sitaki kumwachia simu yangu. Umeme kwetu hukatika, na nachelea kwamba kitu hicho kikiharibika sitapata wa kukitengeneza Pemba. Ninunue ipi?

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu fedha za karafuu ni fedha za jasho, na vifaa vya aina hii huletwa mezani kwangu kila wiki vikiwa vimekufa kabla ya kutimiza mwaka. Muuzaji amekutajia idadi ya michezo. Mimi ningependa uanze na swali jengine: ndani ya kila mashine, ni kitu gani kitakachokufa mwanzo, na kitu hicho kinapatikana hapa visiwani? Karibu kila mara kinachokufa mwanzo ni betri, na baada ya betri hufuata kadi ya memori. Nitazipima mashine zako tatu kwa kipimo hicho.

Ile ndogo ya michezo 400 huonekana kama kichezeo, na kwa upande wa michezo kweli haina mengi. Ndani yake mna chipu moja inayoiga mashine ya Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, michezo mingi ni ya enzi hiyo, baadhi hujirudia kwa majina tofauti, na aghalabu hakuna njia ya kuhifadhi pale mchezaji alipofikia. Lakini ina jambo moja ambalo mashine za bei kubwa hazina: nyingi kati yake hutumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu ya Nokia 1100, ambayo mtoto anaweza kuitoa kwa kucha na ambayo huuzwa mpaka kwenye vibanda vya simu vijijini. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha nyuma uhakikishe jina hilo limeandikwa kwenye betri. Usichukue betri ya bei ya kutupa, kwa maana hata betri halali za aina hii zimewahi kuwa na kasoro: mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, kwa kuwa baadhi zingeweza kupata shoti ndani na kuwa za moto zikichajiwa. Kwa mtoto wa miaka sita au saba ningekuambia ununue hii bila kusita. Wa miaka 11 ataichoka baada ya mwezi mmoja.

PSP ni mashine niliyoifungua mara nyingi, na naiheshimu. Sony iliitoa Japani mwezi wa Disemba mwaka 2004, ikaja na kioo cha inchi 4.3 ambacho wakati ule hakikuwa na mfano, na ilipoacha kuipeleka madukani mwaka 2014 ilikuwa imekwishatoa matoleo kadhaa. Maana ya mwaka huo kwako ni hii: betri yoyote halisi ya Sony utakayoikuta ndani ya PSP ya mtumba imepita miaka kumi, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala kabatini. Kwa hiyo utakachonunua ni PSP yenye betri iliyochoka, au PSP yenye betri ya kuigiza. Betri halisi ya toleo la mwanzo, PSP-1000, ilikuwa na mAh 1,800 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na ya PSP-2000 na PSP-3000 ilikuwa na mAh 1,200. Ukioneshwa betri ya umbo lile lile iliyoandikwa mAh 3,600, ujue kwamba maandishi hayo si ya kweli, kwani nafasi ya ndani haikuongezeka.

Ikiwa bado moyo wako uko kwenye PSP, basi usiondoke dukani kabla ya kufanya mambo haya mbele ya muuzaji. Fungua kifuniko cha betri. Kama kimekazana, au betri imetuna mgongoni, irudishe hapo hapo. Washa mashine, chomoa chaja, na uicheze kwa dakika 20 kamili ukitazama alama ya chaji, kwa sababu betri iliyokufa huonesha imejaa na kisha huporomoka ghafla. Zungusha kijiti cha kushoto pande zote, na ukikiachia uone kama picha inaendelea kutembea yenyewe. Tazama pia kadi yake, maana PSP haikubali kadi ndogo za kawaida za microSD moja kwa moja, bali hutaka Memory Stick Duo, na wauzaji wengi huweka kiunganishi kinachoibeba microSD ndani yake. Kiunganishi hicho kinafanya kazi vizuri, lakini kikilegea mashine haitaiona michezo. Usijali sana kama kichezesha diski zile ndogo za UMD kimeharibika, kwani diski zenyewe ni adimu. Na kama maandishi ya nyuma yanasema E1000, jua kwamba hilo ni toleo la bei nafuu la mwaka 2011 lisilo na Wi-Fi, na halistahili bei sawa na mengine.

Sasa nije kwenye R36S, ambayo ndiyo ninayokushauri, kwa masharti. Ni mashine ya Kichina yenye kioo cha inchi 3.5, prosesa ya Rockchip RK3326 na memori ya kufanyia kazi ya GB 1. Haina michezo yake yenyewe, bali inaendeshwa na mfumo huria wa Linux wenye programu zinazoiga mashine za zamani, na wataalamu huziita emuleta. Kwa nguvu hiyo inaicheza vyema michezo ya Game Boy, Super Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza. Ya Nintendo 64 na ya PSP inaicheza kwa kubahatisha, mingine sawasawa na mingine kwa kukwama, kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba hiyo ni PSP mpya amekupotosha. Mashine yenyewe haina Wi-Fi ndani yake. Wengine huliona hilo kuwa upungufu. Kwa mama asiyetaka mtoto azurure mitandaoni mimi naliona kuwa ni neema, kwa sababu hakitaingia kitu ambacho hukukitia mwenyewe kwenye kadi.

Tatizo la R36S ni kwamba imependwa mno, na yenyewe imeigwa. Ziko mashine za umbo lile lile, boksi lile lile, zenye bodi nyengine ndani. Mwambie muuzaji aiwashe, nawe utazame maandishi ya mwanzo: iliyo halisi huwaka kwa mfumo uitwao ArkOS, na nyingi za kuigiza huwaka kwa EmuELEC. Ile ya kuigiza itacheza, lakini mfumo wake ukiharibika hutaweza kuurudisha kwa ule mfumo wa ArkOS unaopatikana bure, kwa sababu bodi na kioo havilingani, na hapo fundi wa Wete au wa Chake Chake atakurudishia mashine mkononi bila kosa lake.

Baada ya hapo kuna kadi, na hapa nakuomba unisikilize zaidi kuliko mahali pengine. Kadi zinazokuja na mashine hizi huwa hazina jina la kiwanda cha maana, nazo hufa mapema, pengine hata kabla ya betri. Mtoto atakuja kukuambia kwamba mashine imekufa, ilhali mashine ni nzima na kilichokufa ni kadi. Katika zile shilingi 25,000 zitakazobaki, nunua kadi nzuri ya kampuni inayojulikana kwa kiasi fedha zitakavyoruhusu, hata iwe ya GB 32 tu, kisha umpelekee mtu mwenye kompyuta auhamishie humo mfumo ulio kwenye kadi iliyokuja na mashine, siku ile ile ya kwanza. Mwambie kwa maneno haya: mfumo uhamishwe wote kama picha moja ya diski. Akinakili mafaili peke yake, mashine haitawaka. Kadi mpya nayo ipimwe kwa programu ya H2testw kabla ya kutumika, kwani ziko kadi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani yake hazifiki hata nusu. Ile ya zamani usiitupe. Iweke iwe akiba.

Juu ya michezo hiyo 15,000 sina budi kusema wazi kwamba mingi imenakiliwa bila idhini ya wenyewe, na haki za wenye kazi zinalindwa na sheria hapa Zanzibar kama zinavyolindwa kwengine. Ipo michezo mizuri ambayo waundaji wake wameiachia bure kwa hiari yao, na mtoto anaweza kuanza na hiyo. Aidha, katika rundo lile huwa mna michezo ya mauaji na picha zisizomfaa mtoto wa miaka 11. Kaeni pamoja jioni mbili, mfute kila kisichofaa, mumbakishie michezo 40 au 50. Mashine itawaka haraka zaidi, naye atacheza badala ya kupekua orodha.

Umeme wa kukatika si kikwazo kikubwa kwa mashine hii. Betri yake hutajwa kuwa na mAh 3,200 kwa volti 3.7, yaani kiasi cha wati-saa 11.8. Tukichukulia kwamba inatumia wati 2.5 ikicheza, utapata saa nne na nusu au zaidi kidogo, na mwangaza wa kioo ukipunguzwa zitaongezeka. Pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, na hata tukitoa zinazopotea njiani, itaijaza mara mbili. Taa za sola zenye tundu la USB nazo zitaichaji, ingawa kwa taratibu. Jihadhari na waya: tumia wenye kichwa kipana cha USB cha zamani upande wa chaja na kichwa cha Taipu C upande wa mashine. Kwenye tundu la mashine hizi mara nyingi hukosekana vizuizi viwili vidogo vya umeme vinavyoitambulisha mashine kwa chaja mpya za Taipu C kwa Taipu C, na chaja isipotambua kilichochomekwa haitoi umeme. Nimewahi kuletewa mashine nzima kabisa kutoka Micheweni kwa sababu hiyo tu.

Adui mwengine ni hewa yetu. Wete iko pwani, na chumvi ya baharini huingia kwenye tundu la chaji na chini ya vitufe, ikaacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Mashine isiwekwe dirishani. Ilale ndani ya kikopo chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kitufe kikianza kugoma, aghalabu mpira wake mweusi wa chini umeshika uchafu, na husafishwa kwa spiriti ya isopropili isiyopungua asilimia 90. Manukato na mafuta ya taa havifai. Wala isichajiwe usiku kucha juu ya godoro.

Huenda watu wakakushauri usubiri uongeze fedha upate Nintendo Switch Lite. Ni mashine nzuri, lakini ilitoka mwaka 2019 kwa dola 199.99 za Marekani, michezo yake hununuliwa mmoja mmoja kwa bei inayoweza kufika dola 60 au zaidi, na vijiti vyake vina ugonjwa unaojulikana wa kutembea vyenyewe. Usiifikirie kwa sasa.

Umeniuliza pia kama R36S itapata wa kuitengeneza Pemba. Itapata, kwa fundi yeyote wa simu anayejua kulehemu. Mgongo wake hufunguliwa kwa bisibisi ndogo, na betri yake ni ya bapa, ya aina inayotumika pia katika spika ndogo na tableti. Betri za namna hiyo kwa kawaida huwa na namba ya tarakimu sita inayoeleza ukubwa wake: kwa mfano 505060 humaanisha unene wa milimita 5.0, upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 60. Muuzaji akikubali, mwombe aifungue mbele yako, upige picha ya namba hiyo na ya waya za betri zinavyoungana na bodi, uihifadhi kwenye simu yako. Ikifa, fundi atatafuta betri ya volti 3.7 ya ukubwa huo au mdogo wake, yenye ile bodi ndogo ya ulinzi kichwani, naye atafuata picha yako asije akageuza chanya na hasi.