Mwanangu, usiuzibe utosi

Bukavu, Jumapili jioni

Binti yangu mpendwa,

Barua yako kutoka Lubumbashi imefika. Unauliza: mnapotengeneza kichwa cha mtoto mchanga kwenye kompyuta, ili mjue umeme wa ubongo unaopimwa juu ya ngozi umetokea wapi ndani, kwa nini msichukue kichwa cha mtu mzima mkakipunguza tu?

Unakumbuka tulivyokaa barazani usiku kutazama taa za wavuvi wa sambaza ziwani? Ukungu ukiwa mzito, taa moja hutawanyika ikawa weupe mpana, usijue mtumbwi uko wapi. Fuvu la mtu mzima ndio ukungu huo. Hupitisha umeme kwa shida kuliko ubongo, basi alama hufika juu ikiwa dhaifu tena imesambaa. Sasa fikiria ukungu wenye matundu. Fuvu la mtoto mchanga ni jembamba, mifupa yake haijashikana, na utosini hakuna mfupa, ni utando. Umeme hupenya hapo kwa urahisi. Ukiuziba utosi katika hesabu zako, kompyuta itakuonyesha mahali pasipo sahihi, na daktari ataamini.

Ubongo wenyewe pia ni mwingine. Katika picha za MRI, zile zinazopigwa kwa sumaku, za aina iitwayo T1, sehemu nyeupe ya ubongo wa mkubwa hung'aa kuliko ya kijivu. Kwa mtoto mchanga ni kinyume, kwa sababu nyuzi za neva bado hazijavikwa mielini, ile ala yake ya mafuta. Programu iliyozoea wakubwa itazichanganya sehemu hizo mbili. Mfupa nao hauonekani vizuri kwenye MRI, na CT, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ina mionzi ambayo sisi madaktari wa watoto tunaikwepa tukiweza. Kwa hiyo unene wa fuvu mara nyingi mtaukadiria. Kadirieni kwa umri wa wiki, mkihesabu tangu mimba: ubongo wa wiki 30 haujajikunja kama wa wiki 40.

Na hata kichwa kikiwa sahihi, mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alionyesha tangu 1853 kwamba mipangilio tofauti ya umeme ndani yaweza kuleta vipimo vilevile juu. Kazi yenu ni ngumu tayari. Msiiongezee kosa la fuvu.

Nikiwa daktari kijana nilimwona mtoto wa siku mbili akizungusha miguu kama anayeendesha baiskeli. Nikadhani anacheza. Ilikuwa degedege. Wengine hawaonyeshi hata hilo: mwili umetulia tuli, na degedege limo ubongoni, linaonekana kwenye elektrodi tu, zile zinazobandikwa kichwani kupima umeme. Hao ndio ninaowafikiria ninapokuandikia.

Ukija likizo, mtoto wa dada yako atakuwa na miezi miwili. Nawa mikono, ngoja atulie, kisha weka kidole juu ya utosi wake bila kuukandamiza. Utausikia ukidunda.

Baba yako