Kampuni ikishauzwa, spea anabaki nazo nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina Land Rover Freelander 2 ya mwaka 2008, dizeli. Jirani yangu anasema Ford waliwauzia Wahindi Land Rover kwa sababu ya ubovu, na kwamba kampuni ikishauzwa spea hupotea. Niiuze mapema?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ford waliuza kwa sababu ya njaa. Mwaka 2006 walipata hasara ya dola bilioni 12.7. Alan Mulally, bosi mpya aliyetoka Boeing, akakuta kampuni inakopa mabilioni kwa kuweka rehani viwanda na hata ile nembo yao ya bluu. Mwenye madeni ya namna hiyo hawezi kuendelea kulea Aston Martin, kampuni ya magari ya kifahari waliyokuwa wakiimiliki. Ikauzwa 2007. Juni 2008 Jaguar na Land Rover zikaenda kwa Tata wa India kwa pamoja, dola bilioni 2.3. Volvo, waliyoinunua 1999 kwa dola bilioni 6.45, wakakubali kuwaachia Geely wa China kwa bilioni 1.8. Mwenye shida hapangi bei.

Sasa spea. Jina la mnunuzi lisikutishe. Kinachotakiwa kuulizwa ni mkataba wa injini unasemaje. Tata walihakikishiwa kuwa Ford wataendelea kuwapa injini. Saab, kampuni ya magari ya Sweden, hawakuwa na bahati hiyo. Wenye Saab, General Motors (GM) wa Marekani, waliwauzia Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi, mwaka 2010, lakini leseni za teknolojia wakabaki nazo wenyewe. Wachina walipotaka kuiokoa mwaka uliofuata, GM wakagoma, na Desemba 2011 Saab ikafilisika. Hata hivyo wenye magari ya Saab waliendelea kupata spea, maana kampuni ya vipuri ilikuwa imetenganishwa na kiwanda.

Gari lako lina nafuu zaidi. Dizeli yako ya 2.2 ilibuniwa na Ford pamoja na Peugeot-Citroën, na ndugu zake wamo ndani ya Ford Mondeo na Citroën C5. Fungua boneti, futa vumbi kwenye mabomba na plastiki, utakuta namba zinazoanza na 6G9 au 6H5. Hizo ni namba za Ford, na hiyo 6 ni mwaka 2006. Ukienda dukani usiseme tu "nataka ya Land Rover", kwa sababu hilo neno peke yake linapandisha bei. Toa namba, na ubebe kile kilichoharibika mkalinganishe, kwani si kila kitu kinaingiliana.

Kwa hiyo usiuze kwa maneno ya jirani. Cha kuogopa kwenye gari hilo ni difu ya nyuma. Nenda barabara tulivu, funga redio, tembea kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Ikivuma kama ndege inayojiandaa kuruka, ni beringi. Mwambie fundi aanze na hizo kabla hajakuuzia difu nzima.