Re: Nafanya kazi chuoni lakini ada haipungui
Habari ndugu. Umesema uko Marekani kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi), umepata kazi maktaba ya chuo, ila bili ya ada haijashuka hata senti. Ndivyo ilivyo: mshahara unaingia akaunti yako, ada unalipa mwenyewe.

Kwanza angalia hati yako ya mshahara. Ukiona makato ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), wafuate wahasibu. Kwa kawaida F-1 husamehewa miaka 5 ya kwanza. Mimi nilikatwa miezi miwili kimyakimya, nikadai, wakarudisha.

Na muhula ukiendelea usivuke saa 20 kwa wiki, hata msimamizi akikubembeleza umshikie mwenzako zamu. Nilikuwa naandika saa zangu nyuma ya daftari. Likizo ndipo unaruhusiwa kujaza wiki nzima.