Kombati ya jeshi au chuo: kwa wadogo zangu mliotoka mujibu

Juzi binti wa jirani, ametoka mujibu wiki mbili tu (ile JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita), kaniambia anaacha udahili wake wa chuo kikuu aende kujitolea JKT, eti Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi, wanachukua huko huko. Ni wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo. Basi kaeni mnisikilize.

1. Monduli haiombwi kama chuo. Unaingia JWTZ, Jeshi la Wananchi, kwanza, unapita ukuruta, yaani mafunzo ya askari mpya, unachujwa, ndipo unakuwa ofisa mwanafunzi, na mwishoni Amiri Jeshi Mkuu anakutunuku kamisheni, unatoka Luteni Usu. Anayekuuzia fomu ya Monduli ni tapeli.

2. Thibitisha udahili kabla ya kuwaza jambo lingine lolote. Mwaka 2019 nilichaguliwa vyuo viwili. Simu nilikuwa nimemwachia dada, kambini haziruhusiwi, kwa hiyo ile namba ya siri ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kuthibitishia chuo unachokitaka, iliingia kwake. Siku ya pasi auti, yaani ya kuhitimu mafunzo, alisafiri usiku kucha kuja kuniona nikipiga kwata. Gwaride lilipovunjika akanivuta pembeni, akanipa kikaratasi alichonakili ile namba kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Zimebaki siku nne, mdogo wangu. Chagua chuo kimoja." Nikamrudishia. Wiki moja kabla, koplo mmoja alikuwa amenisifia mbele ya kombania nzima kwamba nina umbo la ofisa, na maneno hayo nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo. Nikamwambia dada chuo ni cha wasio na bahati. Yeye ndiye aliyekuwa amelipia maombi yangu yote kwa pesa ya vitumbua. Hakunijibu. Alikunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye pochi, tukaenda kula.

Nikaomba kujitolea wilayani, nikapata. Majina ya waliochukuliwa jeshini yalitoka, langu halikuwemo. Yakatoka tena, halimo. Miaka miwili ya mkataba ilipoisha nikarudi nyumbani na begi langu, wenzangu wa kidato cha sita wako mwaka wa tatu, wanagombana kuhusu bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, na kusapu, kurudia mitihani. Dada akafungua Biblia yake, akanitolea kile kikaratasi. Hakusema neno. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku, na sijawahi kumweleza mtu hadi leo.

3. Kujitolea si ajira. Kila tangazo la JKT linasema hivyo waziwazi, nanyi mnaruka mstari huo. Ukienda kwa ajili ya kilimo, ufugaji na ufundi, utafaidika kweli. Mimi kuchomelea nilijifunzia huko.

4. Shahada haikufungii jeshi. JWTZ huita madaktari na wahandisi, na wengine huishia Monduli hiyo hiyo. Ila someni ukomo wa umri kwenye tangazo, na msioe wala kuolewa mkiwa bado mnaitaka kombati. Ukisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara, pigeni hesabu mapema.

Huyu binti amebakiwa na siku sita. Namba yake ya siri iko kwenye simu ya mama yake. Nimemwambia aifuate leo, na kabla ya saa mbili usiku anitumie picha ya ukurasa unaoonyesha amethibitisha.