Moulay Idriss na Volubilis: lala mjini kwanza

Wageni wengi wanaofika kaskazini mwa Moroko huiona Moulay Idriss Zerhoun kwa dirisha la gari. Hutoka Fes au Meknes asubuhi, wakazunguka magofu ya Volubilis, mji wa kale wa Kirumi, jua likiwa utosini, wakapitishwa mjini kupiga picha mbili tatu, wakarudi. Mimi nakushauri ugeuze safari hiyo. Tua mizigo Moulay Idriss, lala hapo japo usiku mmoja, na Volubilis uiendee kutokea hapo.

Sababu ya kwanza ni historia yenyewe. Idris bin Abdallah, kitukuu cha Hassan bin Ali, alinusurika vita vya Fakhkh karibu na Makka mwaka 786, akawakimbia Waabbasi, makhalifa wa Baghdad, mpaka huku mwisho wa Maghribi. Waliompokea ni Waberberi wa kabila la Awraba, na mahali penyewe paliitwa Walili, yaani Volubilis hiyo hiyo. Mwaka 789 wakampa baia, yaani kiapo cha utii. Hakukaa sana, kwani alifariki mwaka 791, akazikwa mlimani, na mji ukakua kulizunguka kaburi lake. Kwa hiyo magofu yale bondeni na mji huu wa vichochoro ni habari moja yenye sura mbili. Msomaji wa Lamu au Unguja aliyekulia kwenye habari za masharifu na nasaba zao atajisikia nyumbani haraka kuliko anavyodhani.

Kaburi liko katikati ya mji, nyuma ya uwanja mkuu. Kwenye njia ya kuingilia kuna gogo limekingama, na asiye Mwislamu huishia hapo. Kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata kulala mjini hakuruhusiwa. Ukiwa Mwislamu, inama upite, lakini usishangae mtu akikuuliza dini yako. Mjibu kwa salamu na tabasamu, yaishe. Utasikia pia wenyeji wakisema kwamba kuzuru hapa mara kadhaa ni sawa na hija kwa asiye na uwezo. Una maoni yako? Baki nayo, hukwenda kufanya mdahalo. Mwezi wa Agosti kuna musimu, sherehe kubwa ya ziara, na vyumba huwa shida kupatikana. Anayependa shamrashamra za Maulidi ya Lamu aende wakati huo. Mwingine aende masika yao, Machi au Aprili, mashamba yakiwa kijani.

Mji umekaa juu ya vilima viwili, Khiber na Tasga, na ngazi zake hazina huruma na magoti. Mizigo hubebwa na punda. Ukisikia "balak!" nyuma yako, jibane ukutani. Vijana watajitolea kukupeleka penye mandhari ya juu. Ukikubali, patana bei kabla ya hatua ya kwanza. Waombe wakupitishe kwenye mnara wa mviringo wenye vigae vya kijani vilivyoandikwa aya za Kurani. Ulijengwa mwaka 1939, na minara mingi ya Moroko ni ya mraba, kwa hiyo huo utaukumbuka. Jioni kaa uwanjani, agiza kofta ya kuchoma, mkate na zeituni za hapo Zerhoun. Sijala zeituni tamu kuliko zile, na simwombi mtu radhi kwa kusema hivyo.

Sasa Volubilis. Ni kama kilomita 4 kutoka mjini. Kwenda ni mteremko, unaweza kutembea. Kurudi panda teksi, hasa kiangazi, maana kivuli hakuna. Fika lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Mosaiki, picha za vijiwe vya rangi, zimeachwa mahali pake sakafuni, wazi kwa jua na mvua, na rangi zake zimepauka, kwa hiyo mwanga mkali wa mchana huziua kabisa. Asubuhi utamwona Orfeo, mwanamuziki wa ngano za Kiyunani, akiwapigia wanyama kinubi, na yule mwanasarakasi aliyempanda punda kinyumenyume. Mabango ya maelezo ni machache, na hapa ndipo kiongozi anapostahili pesa yake. Mwambie akuonyeshe vinu vya kukamulia mafuta ya zeituni. Vimepatikana zaidi ya 50, na ndivyo vinavyoeleza utajiri wa mji huu kuliko nguzo zote zenye viota vya korongo.

Usiliache tao la mwaka 217, lililojengwa kwa heshima ya Kaisari Caracalla na mama yake Julia Domna. Baba yake Caracalla, Kaisari Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, kwa hiyo tusizoee kuitazama Roma kama jambo la Wazungu peke yao. Lakini jua kwamba unachokiona kimesimamishwa upya na Wafaransa miaka ya 1930. Tetemeko la Lisbon la mwaka 1755 lilibomoa mengi, na kabla yake Sultani Moulay Ismail alikuwa ameshachukua mawe ya hapa kujengea Meknes. Ndiyo maana napendekeza Meknes uimalizie mwisho, ukiwa umeshaona mawe yalikotoka.

Meknes ni kama kilomita 25, kwa teksi kubwa za kushirikiana. Gari huondoka likijaa, na nafsi moja hulipia kiti kimoja, wanachokiita "blasa". Ukiwa na haraka, au wewe ni mtu mnene kama mimi, lipia viti viwili. Magari hupungua giza likiingia, na Ijumaa mchana karibu kila kitu hutulia kwa sala na kuskus ya nyumbani, kwa hiyo siku hiyo panga kuondoka mapema au uahirishe hadi Jumamosi, siku ya soko la mji.