Jibu: Jirani hakukuta ardhi iliyoganda, je mimi?

Habari mkuu. Unauliza: jirani yako hapo Fairbanks kachimba msingi bila kukuta ardhi iliyoganda, je kwako ni salama? Usimtegemee jirani. Huko Alaska ya kati mgando wa kudumu, yaani ardhi inayobaki imeganda hata kiangazi, uko kwa mabaka, na baka linaweza kuishia katikati ya kiwanja chako.

Tazama mteremko kwanza. Unaoelekea kusini, wenye miti mirefu ya mibetula, mara nyingi hauna mgando. Unaoelekea kaskazini, au bondeni penye miti ya misprusi myeusi iliyodumaa na kuvumwani nene, tia shaka. Mwishoni mwa Agosti nilichomachoma kwangu kwa nondo, kona hadi kona. Nondo ikigota, huenda ni barafu, huenda ni jiwe tu. Hapo lipia wachorongaji wakutobolee ardhi kuhakikisha. Na tafadhali usikwangue kuvumwani kwanza, ndiyo inayoikinga barafu dhidi ya joto la kiangazi.